Jina la Mume Wangu Kwenye Kipaza Sauti

Hofu yangu ya Uchina ilianzia Nanganga, njiani tukitoka Newala, hata Dar es Salaam hatujaiona. Basi lilisimama ili watu wachimbe dawa. Mzee wangu akashuka na wanaume wenzake, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Dereva akapiga honi. Nilichungulia dirishani nikamwona kasimama kando ya banda la mihogo ya kuchoma, anayatazama mabasi moja moja kama mtu anayechagua jembe dukani.

Nikamwita kama nilivyomwita miaka yote, Baba na jina la mtoto wetu wa kwanza. Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Akageuka, akanitazama, akauliza kwa adabu kabisa:

"Mama, unamwita nani?"

Nilishuka, nikamshika mkono, nikampandisha. Konda akacheka, "Bibi, unampakia babu kama gunia la korosho." Nikamwambia autazame mlango wake.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya mtoto wetu wa tatu. Huyo alianza kwa kutembeza kandambili pale stendi ya Masasi, miaka ile serikali iliporuhusu kila mtu auze anachoweza, na duka la ushirika tulikokuwa tunapanga foleni ya sabuni likafungwa, likabaki na popo. Akaenda Kariakoo akapata meza, kisha duka, kisha akawa anafuata mzigo Uchina mwenyewe. Siku moja alipanda kuja Newala na habari yake.

"Mama, kuna kampuni inapeleka watu kutembea Uchina. Siku kumi. Yupo mtu wa kuwaongoza, na Kiswahili anakijua. Nimeshalipa, wewe na Mzee."

"Umelipa kabla ya kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa kweli."

Lakini baba yake alikuwa ameshasimama. Ujana wake alifanya kazi kwenye reli ya kwenda Zambia, anapasua mawe. Msimamizi wake Mchina alimchorea mchangani, kwa kijiti, ukuta mrefu unaopanda milima, akamwambia siku moja aje auone. Mzee wangu alilishika neno hilo. Watoto wetu wote walikua wakichorewa ukuta ule mchangani.

Kusahau kwake nilikujua. Alikuwa ameanza kuacha jembe shamba, au kula halafu anauliza chakula. Hayo ya wazee nilisema ni ya wazee. La Nanganga lilikuwa jingine, pale alisahau kwamba yeye ni baba. Tulikaa kwa mtoto Dar es Salaam siku tatu na ningeweza kusema. Sikusema. Ningesema, safari ingekufa, na mzee angejua imekufa kwa mdomo wangu. Tena niliona haya. Nikajiambia, nitamtazama mimi, macho yangu hayatatoka kwake. Nilikuwa mjinga.

Hapa lazima nieleze habari ya majina. Kwetu mvulana analiacha jina la utoto jandoni, anatoka na jina jipya, na hilo ndilo jina lake. Wenzake wa jando moja ndio humwita hilo. Mzee wangu ana jina jingine la ubatizo, alilopewa misheni ya Lulindi, ndilo lililoandikwa kwenye pasipoti. Ukimwita hilo hageuki, anadhani unamwita mwalimu fulani. Mimi mkewe sikutamka hata moja. Nilikuwa na lile la Baba na mtoto, likanitosha. Mama yangu nilimsikia akilitaja jina la baba yangu mara moja tu, siku tunamzika baba, mama amekaa chini miguu ameinyoosha, analia. Kwa hiyo jina la mume kinywani mwa mke, kwangu mimi, ilikuwa sauti ya msiba.

Kule Beijing tulipokewa na binti wa Kichina, mwembamba, ana bendera ndogo ya njano kwenye fimbo. "Shikamoo, bibi," akasema. Nikaitika marahaba, na roho yangu ikatulia kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Tulikuwa watu tisa, akatugawia kofia za njano.

"Wageni wangu, kofia hii ndiyo mama yenu. Tafadhali msiivue. Tafadhali tusiachane."

Neno hilo la kuachana lilinikaa tumboni siku zote.

Siku ya kwanza tu hotelini, ile lifti ilinichukulia mzee. Aliingia yeye, mimi nikachelewa kwa ajili ya mkoba, mlango ukajifunga wenyewe. Niliupiga kwa viganja. Ulipofunguka tena alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma.

"Nyumba imeondoka," akaniambia, "na imerudi."

Kwenye chakula alikaa nasi mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mnene, mtu wa maneno. Aliniona nageuza nyama kwa kijiko.

"Bibi, kula. Chura huyo."

"Sili chura."

"Mmakonde anaogopa chura? Si nyie mnaokula panya?"

"Panya wetu wa shambani, anakula karanga. Wewe hapo Kariakoo kuku wako anakula nini?"

Watu wakacheka, mzee wangu naye akacheka, na dakika ile alikuwa mzima kabisa. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba alikuwa anarudi. Asubuhi ananisalimu vizuri na kuniuliza habari za wajukuu, mchana ananiuliza hawa watu waliovaa kofia wanakwenda wapi.

Ukutani tulipanda siku ya tatu. Ni mrefu kweli, kama alivyochorewa. Aliugusa kwa viganja vyote viwili, akasalimu mawe yale kwa Kichina chake cha relini, nami nikasema basi, hata tukifa tumefika. Tukapanda mpaka pembeni, bonde likafunguka chini yetu, jeupe kwa ukungu. Akanishika bega.

"Mto umekauka," akasema. "Tuondoke hapa ukingoni. Wale wa ng'ambo wanapiga mizinga."

Nikajua yuko Newala, juu ya genge, anatazama Ruvuma na Msumbiji, miaka ya vita vya Mreno. Alianza kushuka haraka, anawasukuma watu. Nikatoa kanga yangu, nikamfunga pindo moja mkononi, pindo la pili nikalifunga kwangu.

Yule wa Kariakoo akaona. "Babu, usikate kamba. Huku hawabagui nyama."

Mzee wangu akasimama. Akaitazama kanga, akanitazama mimi, na macho yalikuwa yake.

"Mimi mbuzi?"

Akafungua fundo polepole, akaikunja kanga vizuri, akanikabidhi. "Mama, usinifanyie hivi mbele za watu."

Kwa sababu hiyo, kesho yake kwenye jumba la wafalme wao wa zamani, sikumfunga.

Jumba lile si nyumba, ni mji. Ua unatoka kwenye ua, lango linatoka kwenye lango, na watu ni siafu. Nilidhani kofia za njano ni zetu peke yetu. Kumbe kila kundi lina mwongozaji wake na bendera yake, na njano ilikuwa kila mahali. Jiwe liliingia kwenye ndala yangu. Niliinama kulitoa. Nilipoinuka niliiona kofia ya njano mbele yangu, nikaifuata, nikamshika mwenyewe mkono. Akageuka bibi wa Kichina, akanicheka kwa upole. Mzee wangu hakuwapo.

Yule binti aliponikuta nilikuwa nazunguka mahali pamoja.

"Bibi, usiwe na hofu. Babu ni mweusi, ana nembo usoni. Ataonekana upesi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana siku zote wale watu walikuwa wanamwomba wapige naye picha kwa ajili ya nembo zake, chale za Kimakonde alizochanjwa ujanani. Lakini nusu saa ilipita, na saa ikapita. Yule wa Kariakoo alikimbia lango hili, binti akakimbia lango lile, wanarudi na jasho tu. Nikamuuliza binti, nje ya malango kuna nini. Akasema kuna barabara. Baada ya barabara? Kuna mji. Mji unaishia wapi?

Hapo nikasema. "Binti, mume wangu anasahau. Hasahau njia tu, anajisahau na yeye. Akitoka nje hawezi kumwambia mtu anatoka wapi." Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na hakuwa hata ndugu yangu. Uso wake ulibadilika. Akanishika mkono, tukaenda mbio mpaka kwenye chumba cha walinzi, penye kipaza sauti kinachosikika nyua zote.

Akalisoma jina la pasipoti, mara mbili, mara tatu. Tukangoja. Hakuna.

"Sema wewe, bibi. Mwite kama unavyomwita nyumbani."

Nikaita Baba na mtoto wetu wa kwanza. Sauti yangu ikaenda kubwa, ikagonga kuta, ikarudi. Nikaita tena. Lakini nilikuwa nakumbuka Nanganga. Nilijua namwita mtu ambaye leo huenda hayupo.

"Hana jina lingine?" binti akauliza.

"Analo."

"Basi litaje."

"Silitaji."

Alinitazama kama anayetazama mtoto mkaidi. Yule wa Kariakoo, aliyekuwa anahema mlangoni, hakuwa na mzaha tena. "Mama yangu, ni jina tu. Nipe mimi nilitaje."

"Sauti yako anaijua?"

Nami nilijua nimejijibu mwenyewe. Nilivua ile kofia, nikajifunga kanga kichwani kama mtu anayekwenda mazikoni, maana sikujua namna nyingine ya kulisema. Nikakisogelea kipaza sauti. Nikalitaja, lote, jina la jando na la ukoo wake, kama wenzake wanavyolitaja. Mara moja. Likatoka nje likapita juu ya mapaa yale. Nilijikuta nimekaa sakafuni, nimeinyoosha miguu, kama mama yangu siku ile. Nikasema moyoni, sasa nimemzika.

Sijui tulikaa muda gani. Mlinzi mmoja alikuja na mzee wangu amemshika kiwiko. Mzee alikuwa na chupa mbili tupu za maji mkononi, na amekasirika.

Binti akatafsiri maneno ya mlinzi. Kule kwenye ua mmoja yapo mapipa makubwa ya chuma, ya zamani, yalikuwa ya maji ya kuzimia moto. Watu hupanga mstari wapige picha. Mzee wangu aliona pipa, akaona foleni. Mtu aliyezaliwa Kitangari, kwetu kusiko na maji, aliyekua kwa kungoja maji, akiona hayo atafanya nini? Alipanga. Zamu yake ilipofika akachungulia, pipa kavu. Basi akaenda kuchuchumaa nyuma ya pipa na chupa zake, angoje maji yaje. Mlinzi alisema mzee alipolisikia lile jina aliruka kama kijana, akaitika naam kwa sauti ya kutisha watu.

Akasimama mbele yangu, ananitazama nilivyokaa, kanga kichwani.

"Kwani nimekufa?"

"Hujafa."

"Mbona umeniita?"

"Ulipotea."

"Sikupotea. Nilikuwa kwenye maji, nakushikia foleni." Akafikiri kidogo. "Sasa umeniita leo. Nikifa utaniita nani?"

Niliinuka, nikamfuta vumbi magotini.

Kwa simu ya yule binti nilimpigia mtoto wetu, nikamweleza yote.

"Mama, tangu lini?"

"Kusahau ni tangu mwaka jana. Kujisahau, tangu Nanganga."

"Na mlikaa kwangu siku tatu."

"Tulikaa."

Kisha akasema, "Rudini." Ndege yetu ilikuwa bado, na siku zilizobaki hatukutembea popote. Binti alikuja kukaa nasi chumbani, akimchorea mzee milima kwenye karatasi, naye akimsahihisha ukuta unapita wapi.

Siku hizi nyumbani mzee haitikii tena Baba na mtoto. Haitikii la Lulindi. Anaitika lile moja, kwa hiyo nalitaja, kisimani, barazani, mbele za watu. Mwanzoni wanawake waliinamisha macho. Wifi yangu alikaa mwezi mzima bila kunisalimu, akisema Uchina imenivua adabu. Mimi sikumweleza. Yeye siye anayemtafuta kila jioni.

Jana mzee alitoka na ndoo bila kuaga. Tangi letu la maji ya mvua liko nyuma ya nyumba, na kiangazi hiki liko kavu. Niliita mara moja, kimya. Niliita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akaitika naam, kutoka nyuma ya tangi, kwenye zamu yake.

Nilikwenda nikachuchumaa naye. Swali lake lile, akifa nitamwita nani, bado sijalijibu.