Mlango wa Mama Rehema na Swichi ya Msumeno

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo iliyoniachia vidole hivi. Vita ilikuwa ndani ya Bunia. Usiku uliotangulia watu wenye bunduki walikuwa wamevunja mlango wa Mama Rehema, jirani yetu mjane, wakabeba mbuzi, na wakiondoka wakamwambia: kesho tunarudia hawa mabinti zako.

Asubuhi alikuja kwa Papa Anselme, seremala aliyenifundisha kazi. Hakulia. Alisema tu: "Papa, nitengenezee mulango leo, mbele jua izame." Barabara ya Komanda, zinakopitia mbao, ilikuwa imefungwa, mbao hakuna, basi tukang'oa za nyumba moja iliyopigwa risasi.

Tukawasha jenereta. Msumeno wa umeme ukakohoa, ukanyamaza. Swichi ilijaa unga wa mbao, uiminye usiiminye, kimya. Miye nikatoa shauri: tuitupe swichi, tufunge waya direkti, ukichomeka plagi msumeno unazunguka, kwisha! Nilikuwa kijana, nilijiona mwerevu kweli.

"Apana," Papa akasema. "Masini yenye haijue kusimama, miye siishike, na weye hautaishika."

Akachomoa plagi. Akatandika kitenge cha mkewe mezani ili vidude visipotee, akaifungua swichi, akatoa unga kwa unyoya wa kuku, akasugua vyuma vyake kwa msasa, taratibu, kama anamtoa mtoto kitu jichoni. Ah, nilichemka!

"Papa, jua inashuka. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!"

"Na ukikimbia utakuta mukono si wako," akajibu bila kuinua macho. Mama Rehema, na hofu yake yote, akacheka.

Akaifunga tena, akachomeka plagi, swichi ikaitika. Papa akakata, miye nikashikilia. Kwenye ubao wa mwisho msumeno ukagonga risasi iliyozama ndani ya mti, ukaruka kuja mkononi mwangu. Papa akaachia swichi palepale. Meno yakaishiwa nguvu, yakanichana ngozi tu. Kovu ndilo hili, liguse.

Mlango ulisimama kabla ya giza, na komeo nene. Wale watu walirudi kweli. Wakapiga mateke, wakatukana, wakachoka, wakaenda zao. Mabinti wale leo ni akina mama wenye watoto wao.

Nilimpenda mzee yule, mwanangu, na bado nampenda. Mji mzima ulikuwa unajua kuwasha tu. Yeye alikaa chini akatengeneza swichi ya kuzima.

Basi shika hili: usiwashe kitu usichoweza kukizima, iwe mashini, iwe maneno na ndugu yako. Na shida ya jirani ikupe bidii, isikupe upofu.

Sogea sasa, nikuwekee kichwani mkono huu aliouokoa Papa Anselme. Mungu abariki kazi yako, mlango utakaoutengeneza uwalinde walio ndani, na kila jioni urudi kwa mama yako na vidole vyako vyote.