Ishirini na Nne kwa Ishirini na Nne

Juzi nilirudi Maskati baada ya miaka saba ya kuzurura, na kabla sijakwenda kumwamkia mtu yeyote nilikaa kwenye mkahawa mmoja wa Al Khuwair ninywe chai ya maziwa. Mhudumu alikuwa dada wa Kikenya. Wateja walikuwa wachache, naye ameegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, anatazama wasichana wanaoteleza juu ya barafu.

"Boss, kwani wewe unaelewa hii mchezo?" akaniuliza aliponiona nimenyoosha shingo. "Huyu wangu ameshinda ile ya kwanza, na bado wanasema haijulikani kama ataingia fainali. Wanapanga aje?"

Rafiki yangu, mimi skuli niliiacha darasa la nane. Nimeosha magari Wattaya, nimepakia makontena Suhar, nimeuza viatu Dubai, na popote nilipokuwa nimeuliza maswali mpaka watu wakanikimbia. Lakini jambo ninalolijua mpaka ndani ni hilo tu. Nikamwomba kalamu, nikamchorea nyuma ya risiti.

Kabla ya fainali kuna mashindano sita, kila wiki nchi yake, na mchezaji hapangiwi zaidi ya mawili. Majaji hutoa maksi zao, lakini maksi hizo zinaamua nafasi ya pale pale tu. Kinachompeleka mtu fainali ni nafasi aliyoshika. Wa kwanza hupewa pointi kumi na tano, wa pili kumi na tatu, wa tatu kumi na moja, wa nne tisa, na kushuka hivyo hivyo. Unajumlisha mashindano yako mawili. Ya sita yakimalizika, wasichana sita wenye jumla kubwa ndio wanaokwenda.

"Na wakifungana?" akauliza.

Hapo kalamu ikanisimama mkononi.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa na Bibi Wattaya, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Nyumba nzima ilinuka mpira mpya na karafuu. Mwezi wa Novemba joto lilipovunjika, Bibi alikuwa akizima kiyoyozi, anafungua madirisha, na ndio msimu wenyewe umeingia. Jirani wa chini, Mhindi fundi wa televisheni, alitufungia dishi ili Bibi apate Qur'ani ya Makka. Akaipata, na siku moja akibonyeza bonyeza akawapata na wasichana wa barafu. Tangu siku hiyo dishi halikugeuzwa tena.

Alikuwa akiwatazama huku amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Chuma cha mbuzi kinakwaruza huku, vyuma vya viatu vinakwaruza kule, na nazi nyeupe inadondoka kwenye sinia kama kwamba imetoka kwenye televisheni. "Sikiliza," alikuwa akiniambia, "hata wao wanakuna." Majina ya Kizungu yalikuwa hayamkai mdomoni, kwa hiyo kila mmoja alimbandika lake. Mmoja alikuwa Mrefu. Mmoja alikuwa Mwenye Kununa. Na kipenzi chake alikuwa Binti Samawati, kwa sababu ya nguo aliyovaa mara ya kwanza alipomwona. Hata alipovaa nyekundu alibaki kuwa Samawati.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa daftari. Nilipiga mistari kwa rula, majina upande huu, pointi upande ule. Bibi hakuweza kulisoma. Daktari alikwisha kumwambia ana presha ya macho: maandishi yalikuwa yameshamkimbia, picha kubwa alikuwa bado anaziona, na hizo nazo zilikuwa zinajifunga kutoka pembeni. Hakulia. Alisema tu, "Mwaka huu nnaona. Mwakani Mungu ndiye ajuaye. Nnataka nimwone Samawati fainali, basi."

Sasa, fainali ya mwaka ule iliangukia siku za arusi kule Ibra, arusi ya mtoto wa ndugu yake khasa. Bibi akasema haendi. Shangazi alikuja na buibui lake linapepea mlangoni.

"Mama, tutawaambia nini watu? Kwamba umeiwacha arusi ya damu yako kwa ajili ya wasichana walio nusu uchi wanaoteleza?"

"Wao wakiteleza wanainuka," Bibi akamjibu bila kuacha kukuna. "Wewe mdomo wako ukiteleza hauinuki. Kaa ule mkate wa ufuta."

Shangazi akala mkate wa ufuta huku amenuna, na shauri likaisha hapo.

Mashindano ya sita yakafanyika. Samawati alikuwa ameshinda kwenye zamu yake ya kwanza, na ya pili alianguka mara mbili, akawa wa nne. Kumi na tano na tisa, ishirini na nne. Mrefu alikuwa wa pili mara moja na wa tatu mara moja. Kumi na tatu na kumi na moja, ishirini na nne. Watano wa juu walishajulikana, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

Umeme ulikatika kabla ya mtangazaji kumtaja wa sita. Bibi akanigeukia. "Haya, mwenye daftari. Nani?"

Kumwambia sijui, sikuweza. Mimi ndiye niliyekuwa najua. Nikajumlisha maksi za majaji za mashindano yao yote mawili, nikaona Mrefu anazo nyingi zaidi, nikasema kwa sauti ya hakimu, "Mrefu. Samawati hakuingia."

"Lakini wangu kashika namba moja," Bibi akasema. "Huyo Mrefu wako kashika namba moja wapi?"

"Bibi, hesabu haiendi hivyo."

Akakung'uta nazi mikononi. Kisha akasema, "Basi mwambie shangazi yako nnakwenda arusini."

Wakaenda Ibra siku tatu. Mimi nilibaki na mjomba kwa sababu ya mitihani, na jioni ya fainali nikawasha televisheni. Siku ya kwanza ya fainali, aliyeingia nafasi ya mwisho ndiye anayeanza. Mlango wa uwanja ukafunguka, akatoka Samawati. Na alivaa samawati.

Wanapofungana, maksi za majaji haziangaliwi kwanza. Inaangaliwa nafasi ya juu aliyowahi kuishika kila mmoja. Mwenye namba moja anatangulia. Bibi alikuwa sahihi, na hakuwa na daftari.

Simu ilikuwepo. Nataka uelewe hapo. Ilikuwa mezani, kando ya birika la kahawa, na namba ya nyumba ya arusi imeandikwa ukutani. Kule nako hapakosi televisheni. Siku mbili nilikaa na ile simu. Siku ya pili Samawati hakuanguka hata mara moja, akamaliza wa tatu, akalia, nami sikuinyanyua.

Bibi aliporudi alinuka udi na samli. "Fainali ilikuwaje?"

"Ya kawaida tu."

"Wangu hakuwepo?"

"Hakuwepo."

Nikachana ule ukurasa nikautia kwenye jaa la matairi.

Novemba iliyofuata alikuwa hauoni tena uso wangu, seuze barafu. Alikaa palepale na mbuzi wake, mimi namsimulia: karuka, kazunguka, kainua mguu. Samawati msimu huo hakuonekana, walisema ameumia goti. "Masikini," Bibi akawa anasema kila mara, mpaka alipofariki, "alikosa kidogo tu." Kila alipolisema nilipata nafasi ya kumwambia. Sikuitumia hata moja.

Asubuhi ile, kabla ya kuingia mkahawani, nilikuwa nimepita Wattaya. Nyumba yetu haipo, pana duka la kuoneshea magari lenye vioo mpaka mbinguni na sakafu nyeupe inayong'ara. Nilisimama nje kidogo. Hainuki kitu, na haisikiki sauti yoyote ya kukwaruza.

"Boss?" dada wa mkahawani alinishtua. "Nimeuliza, wakifungana?"

"Anaangaliwa aliyewahi kushika nafasi ya juu," nikamwambia. "Wako ana namba moja. Usimkatie tamaa. Siku ya fainali uwe karibu na simu."

"Na kama niko kazi?"

"Nipe namba yako. Akitoka tu, nakupigia."

Akacheka, akaniandikia pale pale kwenye risiti, chini ya hesabu. Ninayo mfukoni. Fainali bado wiki mbili, nami nilikuwa nimepanga kuondoka kesho.