Aliyelia kwa Sauti Ghorofa ya Tatu

Bibi Nezihe alipoacha kumeza hata supu, Bagul alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba bibi anaondoka, na kwamba siku atakayoondoka, yeye Bagul hatakuwa na mahali pa kulaza ubavu. Kazi ya kulea mzee na kulala humo humo ndivyo ilivyo. Chumba ni cha mgonjwa, kitanda ni cha mgonjwa, na blanketi pia. Mgonjwa akienda, vyote vinakwenda.

Kwao ni mji wa Mary, huko Turkmenistan kwenye pamba na vumbi, lakini alikuwa ameishi Eskişehir, Uturuki, muda mrefu hata Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya mtaa ule. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda, na kibali cha kukaa kilikufa pamoja nayo. Kwa hiyo aliishi kwa kukwepa. Kwenda sokoni hakupita darajani, ambako polisi walisimama wakiomba watu vitambulisho. Alipita uchochoro wa nyuma ya duka la mikate, akainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sarafu. Tramu hakupanda. Akiumwa jino, alilitia karafuu. Na mtu wa namna hiyo hapati nyumba ya kufanyia kazi ila kwa kusemewa: mwenye nyumba wa zamani amwambie mwenye nyumba mpya, huyu ni mwaminifu, huyu ana mikono safi. Neno hilo ndilo kitambulisho chake, hana kingine.

Neno lake Bagul lilikuwa mdomoni mwa Nursel, binti wa pekee wa Bibi Nezihe, aliyekaa mtaa wa pili na kufanya kazi benki. Jioni moja Nursel alimfuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Bagul, usikae na wasiwasi. Unamjua wifi yangu Sevim? Mama yake amepooza upande mmoja. Nimeshamwambia habari zako. Mambo yetu yakiisha, unahamia kule moja kwa moja."

"Mungu akuzidishie, dada."

"Anataka mtu mtulivu tu. Nimemwambia, huyu hata akitembea husikii."

Wote wawili walitazama chini. "Mambo yetu yakiisha" ilikuwa na maana moja tu, na mwenye mambo hayo alikuwa chumba cha pili akikoroma.

Bibi Nezihe katika ujana wake alishona magauni ya maharusi, na mpaka uzeeni alimtazama kila mtu kama anayempima kiuno. Asubuhi Bagul akifungua mapazia, bibi huuliza:

"Binti, leo nimeshakufa au bado?"

"Bado, mama. Chai iko tayari."

"Basi ilete upesi kabla sijabadili nia."

Siku ya sikukuu iliyopita, bibi aliamka mapema akataka gauni lake la kijani. Akavishwa. Akataka bakuli la peremende liwekwe mezani karibu na mlango, maana siku hiyo wadogo huja kuwabusu wakubwa mkono. Nursel alikuwa kitandani na homa. Wajukuu walikuwa wamekwenda pwani. Bibi alikaa dirishani tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka, na kengele ya mlangoni haikulia. Mwisho Bagul alitoka nje, akavaa viatu, akabonyeza kengele mwenyewe, akaingia, akaushika ule mkono mkavu, akaubusu na kuuweka kwenye paji la uso wake. Bibi akampa peremende na leso mpya, kama apewavyo mtoto.

Jumapili mchana Bagul alipewa saa zake, na Nursel alikuja kukaa na mama yake. Bagul alikwenda kwenye bustani ndogo nyuma ya stendi ya zamani, ambako wanawake wa kwao walikaa kwenye mabenchi wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Hapo alimkuta Gozel daima. Gozel alifagia na kupiga deki ngazi za majengo ya watu, akalala kwenye chumba cha chini ya ardhi pamoja na wenzake wengi kiasi cha kupokezana magodoro.

"Haya, mpisheni malkia wa ghorofa ya tatu!" Gozel alipaza sauti. "Mwenye kitanda chake na dirisha lake! Dirishani kwangu mimi naona viatu tu. Nawajua watu wa mtaa mzima kwa soli."

"Kitanda chenyewe kinakaribia kuondoka, shoga."

Gozel akaacha kutafuna. "Bibi amezidiwa?"

"Hali tena."

"Na ile nyumba ya wifi?"

"Ipo. Nursel ameahidi."

"Basi ishike kwa meno," Gozel alisema. "Majira ya baridi haya, mwenzio nimeshapasuka vidole. Usije huku chini."

Bibi Nezihe alikata roho asubuhi, Bagul akimlowesha midomo kwa pamba. Nursel alifika na koti juu ya nguo za kulalia. Mambo yakaenda haraka, kama wafanyavyo huku: gari likaja, waosha maiti wakamwosha huko huko mavani, akasaliwa adhuhuri, wanaume wakamzika. Viatu vya bibi vikatolewa nje ya mlango wa jengo, avichukue anayetaka. Alasiri nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Majirani walileta vyakula, maana nyumba ya matanga haipiki. Huchemshwa chai tu na kukaangwa halua ya unga ya kumwombea marehemu. Bagul ndiye aliyekuwa jikoni akiikoroga.

Alipotoa sahani za kwanza, alisimama mlangoni mwa sebule akawatazama. Mwanamke mmoja alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini. Wengine walishika vijitabu. Nursel alikaa wima kwenye kochi, leso mkononi, macho makavu, uso kama karatasi. Karibu yake alikaa Sevim, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekuja kuhani na, bila kusema, kumwangalia huyo Bagul aliyesifiwa.

"Lia, Nursel," jirani mmoja alimnong'oneza. "Lia mwanangu, kifua kitafunguka."

Nursel akatikisa kichwa.

Kimya kile kilimwingia Bagul kama baridi. Kwao, nyumba iliyofiwa husikika kabla haijaonekana. Wanawake hulia kwa maneno, tena kwa mpango: mmoja huanza, humwita marehemu, humtaja alivyokuwa, aliyemfurahisha na aliyemsahau, kisha wengine hupokea, na binti wa marehemu hukumbatiwa akaburuzwa ndani ya kilio hata kama hataki. Nyumba isiyotoa sauti, watu wa barabarani husema: hapo amekufa asiye na mtu. Hilo ni tusi kubwa kuliko kifo. Bagul alimtazama Nursel akamwonea huruma. Aliona mtu asiyejua kuanza, na hakuna wa kumwanzishia. Nyumba ile ilikuwa imempa mkate. Je, angeiacha iaibike hivi?

Akaweka sinia chini. Akaenda kwenye kiti cha dirishani kilichokuwa kitupu, akapiga magoti, akavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, akaanza.

Sauti iliyotoka hata yeye hakuijua. Haikuwahi kutoka tangu alipomlilia mama yake. Alilia kwa Kiturkmeni, lugha ambayo Mturuki huielewa nusu, na nusu hiyo ilitosha.

"Ee mama, ee mama wa mikono myeupe! Uliwavalisha maharusi wa mji mzima, leo umevaa sanda usiyoishona mwenyewe! Ee mama, ulivaa kijani siku ya sikukuu, ukaweka peremende bakulini, ukakaa dirishani! Nani alipanda ngazi? Kengele haikulia, mama! Mwanao alikuwa mtaa wa pili, mama, na mtaa ukawa mrefu kama jangwa! Nani akubusu mkono? Mgeni asiye na kwao ndiye aliyekubusu! Sasa umeniacha kwa nani, mama, umeniacha mlango wa nani?"

Aliyekuwa akisoma akanyamaza. Bagul alinyoosha mkono kuelekea kwa Nursel bila kufungua macho, maana hapo ndipo binti hupokea: huja akaanguka begani, akasema, ni kweli mama, sikuja, nisamehe mama, na watu wote wakalia naye, na jambo likaisha, likazikwa pamoja na maiti. Kwao hakuna anayekasirikia maneno ya kilio. Ni kama maji ya kuoshea.

Mkono wake ulibaki hewani. Alipofungua macho, Nursel alikuwa amesimama.

"Mnyamazisheni," alisema.

"Dada, pokea..."

"Mnyamazisheni, jamani!"

"Ni dhambi kumlilia maiti hivyo," alisema yule msomaji. "Unamtesa huko aliko."

"Bibi yangu kijijini alikuwa akilia namna hiyo," jirani mmoja mzee alijaribu kusema, lakini mwenzake alimfinya.

Bagul alirudi jikoni na sinia lake. Halua ilikuwa imeungua chini. Alikuwa akiikwangua sufuria aliposikia sauti ya Sevim ukumbini, akivaa koti.

"Hapana, wifi, huyu siwezi. Mama yangu ana moyo dhaifu. Ulisema mtulivu!"

"Sijawahi kumsikia hivi, Sevim, wallahi."

"Na ulimi wake! Leo kwako, kesho atayasema ya kwangu mbele za watu."

Wageni walipopungua, Nursel aliingia jikoni. Hakukaa.

"Umenivua nguo mbele ya watu wa mji huu."

"Dada, nilitaka kukuanzishia. Kwetu binti..."

"Nilikuwa na homa. Ulijua nina homa?"

"Nilijua, dada."

"Ulinipikia supu ukaniletea mwenyewe!"

"Ndiyo, dada."

"Basi kwa nini hukulitia hilo kwenye wimbo wako?"

Bagul aliweka mwiko chini. Kilio hakisemi sababu. Husema tu nani alikuwepo na nani hakuwepo. Lakini angemweleza vipi mtu wa benki jambo ambalo yeye mwenyewe alilinyonya pamoja na maziwa?

Nursel aliegemea mlango wa jokofu. Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, tena mengi, akiyafuta kwa hasira kama mtu anayefukuza nzi. Bagul akapiga hatua moja kumwelekea. Nursel akainua kiganja kumzuia.

"Baada ya siku ya saba nyumba inafungwa. Koti la mama la sufu chukua, kuna baridi." Akavuta pumzi. "Sevim bado anatafuta mtu. Nimemtia aibu, lazima nimpatie mwingine. Yule rafiki yako anayefagia ngazi zetu, yeye yukoje?"

Bagul alitazama sufuria. Angeweza kusema: ana mkono mrefu. Angeweza kusema: ana kifua. Neno moja lingetosha, kama maneno ya kilio chake mwenyewe yalivyotosha. Lakini asingepata nyumba kwa kumharibia Gozel. Gozel tu ndiye angeikosa.

"Ni mtu mzuri, dada. Ana nguvu za kumgeuza mgonjwa."

"Hulia?"

"Gozel halii. Sijawahi kumwona akilia."

Siku ya saba ilipopita, Bagul alishuka kwenye chumba cha chini ya ardhi na begi lake na koti la bibi. Gozel alikuwa akifunga mizigo yake, uso umegeukia ukuta.

"Waliniita mimi, shoga. Ningesema nini?"

"Ungesema ndiyo. Umesema?"

"Nimesema."

"Vizuri."

Gozel akageuka. "Umelia kwa sauti, kichaa wewe! Kwenye nyumba yenye mapazia ya lesi! Na kengele ukaitaja! Ukienda kwa wenye chongo, funga lako jicho, hukufundishwa?" Alicheka, kisha akaacha, kwa sababu mwenzake hakucheka. "Godoro ni lile la karibu na bomba la maji moto. Lina joto mpaka saa wanapozima moto. Ngazi ni za majengo manne, ndoo ziko kwa mlinzi. Usipige deki kabla watu hawajaenda kazini, wanatukana."

"Nitapata nyumba nyingine, labda masika."

Gozel alivuta zipu ya begi lake. Wote wawili walijua kwamba katika mji ule kila bibi mgonjwa ana jirani, na kila jirani ana simu, na habari ya Mturkmeni aliyemlilia maiti akawatukana wenyewe ilikuwa imeshapanda ngazi nyingi kuliko ndoo yoyote.

Gozel alibeba begi mpaka mlangoni, akasimama.

"Bagul. Nikifia huku mimi, utanililia?"

Dirishani, juu karibu na dari, jozi ya buti ilipita, ikafuatiwa na nyingine. Bagul alitandika koti la bibi juu ya godoro, akalinyoosha pembe zake.

"Kuta za huku ni nyembamba, shoga," alisema. "Wataita polisi."