Keki, Marashi na Barua ya Mchumba

Mtafsiri mmoja wa tamthilia za televisheni, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, alilelewa na shangazi yake, na ukubwani waliendelea kuishi pamoja, vyumba viwili juu ya duka la vioo. Kazini alikuwa mwepesi, haangalii kamusi mara mbili.

Siku moja yeye na waigizaji walikuwa wakirekodi sauti za Kiswahili, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani kuzuia mwangwi. Kwenye hadithi, mama mkwe alionja keki akasema "cloying", akanusa marashi ya jirani akasema "sickly", akasoma barua ya mchumba wa bintiye akasema "saccharine". Mtafsiri alikuwa ameandika "tamu mno" mara zote tatu. Mwigizaji aliyemsemea mama huyo akavua visikizi masikioni.

"Samahani dada, huyu mama anasifu au anatukana?"

Wote wakaangua kicheko. Naye akacheka, ila uso ulimwiva. Kazi ikaahirishwa hadi kesho yake.

Jioni alimkuta shangazi kwenye simu. Fundi bomba mmoja aliyefiwa na mke alikuwa akimchumbia, na hakuna saa iliyopita bila "asali wangu" na "ua langu". Shangazi akakata simu, akashusha pumzi.

"Shangazi, tamu mno ziko ngapi?"

"Inategemea. Keki, kipande cha kwanza unaramba vidole, cha tatu unasukuma sahani. Imekukinaisha. Lakini kuna kitu hata hujakigusa, harufu tu, tumbo linageuka. Hicho kinachefua."

"Na barua?"

"Barua ya nani?" Shangazi alishtuka.

"Ya kwenye tamthilia, jamani!"

"Aa. Kama mwandishi hamaanishi, hiyo ni sukari ya kupaka juu."

Mtafsiri aliandika chapuchapu. "Na fundi wako je?"

Shangazi alizungusha simu mkononi kwa muda. "Anamaanisha. Ila ananikinaisha."

"Si umwambie?"

Shangazi akampigia palepale. "Mwenzangu, nakupenda, lakini asali punguza. Niambie leo umeziba bomba la nani."

Fundi akacheka mpaka akakohoa, akaanza kusimulia sinki lililomlowesha hadi soksi. Waliongea mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake, kwa maneno matatu mapya, kurekodi kukaisha bila maswali. Miezi michache baadaye shangazi akaolewa, akahamia kwa mumewe. Wiki ile ya kwanza mtafsiri alijisahau, akapika chakula cha watu wawili, akakila siku mbili.