Ngoma yangu ya Kikima ni mzinga

Leo mwanafunzi amenisahihisha mbele ya darasa zima, na bado natabasamu.

Tulikuwa kwenye makumbusho yetu Kitui, nikiwaonyesha ngoma ya miaka ya hamsini kutoka Kikima, iliyopoteza ngozi. Lebo niliandika mwenyewe.

Mwanafunzi huyo, Mwende, akainama akanusa ndani.

"Mwalimu, inanukia nta. Huu ni mzinga wa nyuki."

Nikakataa. (Msinicheke.)

Akanionyesha chapa iliyochomwa ubavuni, ambayo mimi niliita pambo. "Hii ni alama ya ukoo wetu."

Akampigia babu yake simu ya video. Mzee akautazama, kisha akasema polepole, "Baba aliuchonga nikiwa mdogo. Sasa asali mmeweka wapi?"

Tulicheka hadi machozi.

Lebo mpya ameandika Mwende, na jina la aliyeuchonga liko juu kabisa.