Buibui wa Kashindye na Sakafu Yangu

Nyumba ya tofali niliililia miaka tisa. Mume wangu, Kashindye, aliridhika na ile ya udongo, moto ukiwaka ndani na moshi ukitutoa machozi. Mwaka jana nikaipata, hapahapa Kiseke: bati, sakafu ya simenti, jiko nje. Nikaringa, sikatai.

Kashindye ni mcheza ngoma. Wenzake huzunguka uwanja na chatu. Yeye ana buibui mweusi mwenye manyoya, mpana kama kiganja, anayemtembeza kutoka mkononi hadi shavuni. Anamwita Bibi. Zamani chungu anamoishi kilikaa karibu na moto. Siku hizi kinakaa chini ya kitanda chetu. Nimeshazoea, ndoa ina mengi.

Julai hii Bibi akaacha kula. Ukimgusa, hasogei. Zilibaki siku nne kufikia mashindano ya ngoma na Kashindye hakutulia: anaketi, anainuka, anafunua chungu, anafunika.

"Tumetupiwa dawa," alisema. Akavuka ziwa hadi Kamanga kwa mganga, akarudi na unga, akaupaka mlangoni. Bibi hakuinua hata mguu. Akaanza kuwashuku wenzake wa kundi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alinung'unika, nami nikainamisha uso.

Kwa sababu mimi nilijua. Kila asubuhi nikiikanyaga ile simenti, baridi inanipanda hadi magotini, na upepo wa ziwa unapenya chini ya bati. Lakini kusema nyumba ina baridi ni kujishtaki mwenyewe. Siku mbili nzima nilikaa kimya, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, roho ikinisuta.

Siku ya tatu, alipokwenda kazini Nyakato, nilikibeba chungu nikakiweka jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga. Saa kumi Bibi alikuwa ananyoosha miguu. Nikamtupia panzi. Akamrukia.

Kashindye aliporudi alimtazama Bibi, kisha mafiga, kisha mimi.

"Mama Elias, kumbe ni baridi tu?"

"Ni sakafu yangu," nilisema.

Jumamosi Bibi alipanda hadi shavuni, vigelegele uwanja mzima. Nikadhani yameisha. Tulipofika nyumbani, Kashindye akaingia chumbani, akalikunja godoro letu, akaelekea nalo jikoni.

"Baba Elias, unakwenda wapi? Buibui si amepona?"

"Hata mimi nasikia baridi humu," alisema, "tangu tuhamie. Sikutaka kukuharibia furaha yako."

Nilisimama kidogo juu ya simenti yangu. Kisha nikachukua blanketi, nikamfuata.