Mwanangu Alifuta Damu Ili Nisione Uchafu

Pole zenu bakini nazo, sizistahili. Mwanangu aliumia ndani ya nyumba yangu akanificha, na aliyemfundisha kuficha ni mimi.

Naishi Ifakara, nina duka la vitenge. Tulipohamia nyumba yetu mpya niliingiwa na wazimu wa usafi. Nikaweka marumaru nyeupe na makochi rangi ya maziwa. Mtu mwenye akili timamu ananunua makochi meupe kwenye mji ambao masika ni tope na kiangazi ni vumbi? Mimi nilinunua.

Mume wangu ni fundi pikipiki. Nilimwekea kiti cha plastiki barazani, asiingie na oili yake. Watoto walikaa sebuleni wakishaoga tu. Wenzangu wa jumuiya wakija kusali walisema, "Nyumba hii utadhani haina watoto." Kwa ujinga wangu nikaona nimesifiwa.

Baada ya mavuno mama mkwe alitujia kutoka Mchombe na kiroba cha mchele mpya. Akakaa sakafuni na ungo, anapepeta, mjukuu wake pembeni. Mtoto huyo nimwite Neema, ingawa si jina lake.

Nikasema, "Mama, kazi hiyo ni ya uani."

Akazitazama pumba zilizodondoka. "Mwanangu, nyumba ikikaliwa inachafuka. Ukiona haichafuki, ujue wenyewe wanaishi kwa woga."

Nikafyonza. Bibi wa shamba, kuku wake wanalala chini ya kitanda, ndiye wa kunifundisha mimi? Kesho yake aliaga, akasema kuku hao hao hawana wa kuwaangalia.

Haukupita muda nikatoka dukani nikakuta sebule inang'aa. Neema akasema amepiga deki. Nikamsifu sana. Alikuwa amevaa soksi ndani ya nyumba, na joto lote lile la bonde letu. Sikujiuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye marumaru.

Siku kadhaa baadaye aliposhindwa kusimama, baba yake ndiye aliyeivua ile soksi. Harufu iliyotoka sitaisahau.

Hospitali walitoa kipande cha glasi kwenye kidole kilichokwisha kuoza. Daktari akamuuliza taratibu, "Mbona hukumwambia mama?"

Neema akamwangalia baba yake, si mimi. "Glasi ilinivunjikia, nikaikanyaga. Damu ikaenda kila mahali. Nikafuta kwa sweta la shule, nikalitupa chooni. Nilitaka mama akute pasafi."

Daktari alinitazama kama mtu anavyomtazama nzi kwenye mboga. Sikumlaumu. Kidole hakikuokolewa.

Alipopata nafuu akamwomba baba yake ampeleke kwa bibi. Mume wangu hakuniuliza. Alifunga mfuko wa nguo nyuma ya pikipiki, wakaondoka.

Nikakaa na usafi wangu. Niliutaka, nikaupata.

Mwishowe niliwafuata Mchombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, usivue viatu."

Ukuta mzima ulikuwa umechorwa kwa mkaa. Magunia ya mpunga yalijaa mpaka mlangoni. Neema alikuwa amejilaza kitandani kwa bibi anatafuna muwa, makapi yametapakaa kwenye shuka, anacheka peke yake. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo kwangu.

Aliponiona akakatisha kicheko, akaanza kukusanya makapi kwa mikono miwili. "Mama, nilikuwa nataka kuyatoa."

Bibi yake akamshika mkono. "Yaache hapo. Mama yako hakuja kukagua, amekuja kukuona wewe."

Nikakaa juu ya hayo makapi nikalia. Mama mkwe hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Neema sasa yuko nyumbani. Baba yake anakaa kwenye kochi na oili yake, na ukuta una michoro. Lakini mtoto akidondosha hata punje ya wali, kwanza ananitazama usoni. Hilo halitoki kwa sabuni.

Na nyinyi mnaopiga picha sebule zenu ili watu wawaonee wivu, nawajua, nilikuwa mkuu wenu. Sakafu ikichafuka inapigwa deki, basi. Siku ukikuta damu, uji au tope, usiulize nani kachafua. Uliza nani kaumia.